Hofu na Mashaka ni Juu Yako

Barua ya kwanza niliyoiandika maishani haikuwa yangu. Nilikuwa darasa la tatu, nimeketi mkekani uani kwa bibi, Ngamiani, barabara ya 14, mjini Tanga, daftari magotini. Bibi mzaa mama alikuwa anapepeta mchele huku ananitajia maneno. Barua ilikuwa inakwenda kwa mjomba, kitindamimba wake, aliyezamia meli mwaka mmoja nyuma. Baada ya kimya kirefu habari zake zikasikika Durban, Afrika Kusini. Bibi alisoma chuoni tu. Kurani aliijua vizuri, lakini maandishi ya shule hakuyajua. Kwa hiyo mkono ulikuwa wangu, maneno yake.

"Andika. Kwa mwanangu mpenzi. Salamu nyingi zikufikie popote ulipo. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, hofu na mashaka ni juu yako."

Masika ilikuwa imeanza. Bati lilikuwa limetoboka, usiku tunakinga maji kwa sufuria, na asubuhi hiyo hiyo tulikuwa tumeanika godoro. Nikamwuliza, "Bibi, niandike na habari za bati?" Akaushusha ungo. Akanitazama kitambo. "Andika hivi: chumba chako kipo kama ulivyokiacha."

Nikaandika.

Nimekuwa nikiandika mistari ya rap kwa zaidi ya miaka 20 sasa, yangu na ya wengine, na kila nikikaa na vijana studio mazungumzo ya malezi hayakosi kuja. Wanaamini ili uwe rapa wa kweli lazima uwe umekula shida. Wanatafuta tukio: baba aliyeondoka, njaa, polisi, kaka aliyeuawa. Kijana aliyelelewa kwa utulivu na mzazi mwalimu anaona aibu, anaanza kujitungia mtaa ambao hakuishi. Inanisikitisha, kwa sababu nimeona wengi wenye vipaji wakipotelea hapo. Tukio lolote mtu anaweza kulisimulia, hata la jirani. Kisichoazimika ni namna watu wa kwenu walivyokuwa wakiongea: nani alisema sana, nani alitakiwa kunyamaza, jambo zito lilisemwa waziwazi au lilizungushwa, na nani aliruhusiwa kucheka. Malezi yanaingia kwenye wimbo kwa mlango huo.

Hili nililielewa siku moja mwanzoni mwa miaka ya 2000, nimesimama nje ya saluni ya kinyozi Makorora nikisubiri mdogo wangu anyolewe. Redio ikapiga "Tanga Kunani" ya kundi la rap la Wagosi wa Kaya.

Mpaka siku hiyo nilikuwa na daftari zima la mistari. Ilikuwa imejaa maneno ya kaseti zilizodurufiwa mara nyingi mpaka sauti inakwaruza: mitaa ya New York, bastola, baridi ya theluji. Nilikuwa naandika kuhusu baridi, mimi mtoto wa Tanga, na niliyaandika kwa dhati kabisa kwa kuwa nilidhani rap ndipo inapokaa. Halafu hawa wawili, Mkoloni na Dokta John, wanatoka redioni wanaongea kama watu walioegesha baiskeli zao kivulini pale ng'ambo ya barabara. Lafudhi ya kwetu haikupigwa pasi ifanane na ya Dar es Salaam. Jina lao lenyewe ni la nyumbani: mgosi kwa Wasambaa ni mwanaume, na Tanga nzima wanaume huitana hivyo, uwe Msambaa, Mdigo au Mbondei. Kaya ni nyumbani. Wanaume wa nyumbani, basi.

Na swali lao lilikuwa la nyumbani pia. Kunani? Kuna nini? Mtu wa Tanga anaposema kunani, kwanza anakusalimu, pili anakuhoji, tatu anakwambia ameshaona kwamba mambo si mazuri. Mji wetu ulijengwa na mkonge. Mmea huo uliletwa mwaka 1893, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa inazalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, hakuna nchi iliyoifikia. Kisha kamba za nailoni zikateka soko, mashamba yakataifishwa, bei ikaporomoka. Kiwanda cha mbolea nacho kilizimwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sisi watoto tulikua tukiwasikia wazee wakiulizana vibarazani jioni, kwa sauti ya chini, huku kahawa inamiminwa: hivi kunani? Wagosi walilichukua swali lile lile, kwa sauti ile ile, wakalipandisha juu ya mdundo. Takwimu za viwanda hawakuzihitaji, kwa maana kila msikilizaji alikuwa na mjomba aliyeachishwa kazi.

Nilirudi nyumbani nikaliweka daftari langu juu ya kabati, na nadhani mpaka leo lipo pale.

Kuna jambo jingine kuhusu Wagosi ambalo nilichukua miaka kulisikia. Wako wawili, na hawabadilishani beti kama marapa wawili wanaogawana wimbo. Wanajibizana. Mmoja anashangaa, mwenzake anafafanua, wa kwanza anazidi kushangaa. Aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaujua mpangilio huo mwilini, kabla hata ya kuutafutia jina. Ni ngonjera. Mshairi Mathias Mnyampala wa Dodoma ndiye aliyeisambaza nchi nzima, hasa baada ya Azimio la Arusha la 1967, ili mashairi ya kujibizana yafundishe siasa. Sisi tuliikuta kwenye paredi na sherehe za kuwakaribisha wageni: mistari miwili ya wanafunzi wakitazamana, upande mmoja unauliza kwa ujinga, upande mwingine unajibu kwa hekima, mkono unapunga, mguu unakanyaga. Mimi nilikuwa upande wa wajinga miaka miwili mfululizo, na nilipenda. Upande wa wajinga ndio wenye maswali mazuri.

Sijui kama Wagosi waliifikiria ngonjera hata mara moja walipokuwa wakiandika, na wala haijalishi. Mtu hafikirii lafudhi yake anapoongea.

Msikilize pia rapa Professor Jay, Joseph Haule, katika "Ndio Mzee" iliyo kwenye albamu yake ya 2001, Machozi, Jasho na Damu. Mgombea yuko jukwaani, anamwaga ahadi zisizowezekana, na umati unaitikia: ndio mzee. Wimbo mzima ni mkutano wa hadhara. Haule alizaliwa 1975. Maana yake sehemu kubwa ya miaka yake ya shule aliipitia chini ya chama kimoja, kwani vyama vingi viliruhusiwa 1992. Kizazi hicho kilianza siku kwa mchakamchaka: giza halijaisha vizuri, mnakimbia kwa mstari, mmoja anaanzisha, wote mnapokea. Kilikaa juani kwenye mikutano ambako kazi ya mwananchi ilikuwa kuitikia. Kuitikia kulikuwa malezi. Kwa hiyo kile kiitikio kiliposikika kwenye redio, nchi nzima ilijisikia yenyewe ikiitikia, na kicheko kikaja na uchungu wake. Hakuna rapa wa Marekani angeweza kuuandika wimbo ule, si kwa kukosa kipaji, bali hakulelewa kuitikia. Professor Jay baadaye akatoa "Siyo Mzee", umati ukakataa. Na mwaka 2015 akapanda majukwaa ya kweli, akachaguliwa mbunge wa Mikumi.

Sasa nije kwenye malezi ya kike, kwa sababu hadithi ya hip-hop husimuliwa kana kwamba wote tulikulia kijiweni. Mimi kijiwe sikukijua. Ikiita adhana ya magharibi niwe ndani, na ndani maana yake uani: bibi, mama zangu wadogo, majirani wanaokuja kuazima kinu wakakaa saa tatu. Wavulana walijifunza kupambana kwa mistari maskani. Sisi tulijifunza kwenye kanga. Kila kanga ina jina lake, mstari mmoja tu ulioandikwa chini, na mstari huo una kazi. Mama mdogo alikuwa na ugomvi na jirani wa ukuta wa pili, na kwa mwezi mzima hawakusemeshana neno, lakini kila alipokwenda kuchota maji alijifunga kanga fulani, na yule naye kesho yake akatoka na yake. Nilikuwa nakaa mlangoni nasoma mapigano yale. Mstari mmoja, maneno matano au sita, hautaji mtu, na mlengwa analala vibaya. Vijana studio wanakiita panchi na wanadhani kimetoka ng'ambo.

Tanga pia ni mji wa taarabu. Black Star na Lucky Star zilitoka kwetu, na sauti ya Shakila ilikuwa inatoka kwenye redio ya bibi kama mtu wa nyumbani. Humo nilijifunza kwamba unaweza kumsema mtu beti tano na jina lake lisitoke. Nikija kuandika mstari wa hasira mpaka leo mkono wangu unakwenda kwenye fumbo. Prodyuza mmoja aliwahi kunisihi nimtaje mtu, ili wimbo upate kelele. Sikuweza. Si hofu. Ni kwamba nilikolelewa, ukishamtaja mtu kwa jina umeshindwa.

Halafu kuna chuo. Kila alasiri, juzuu mkononi, mwalimu wa chuo na fimbo yake. Ambacho watu hawakisemi ni kwamba pale tulifundishwa pumzi. Kuna pa kuvuta, kuna pa kusimama, kuna pasiporuhusiwa kusimama hata pumzi ikiwa imekwisha, kwa hiyo ujipange tangu mwanzo wa aya. Nilipoanza kuchana kwenye maikrofoni, wenzangu wa kiume walikuwa wanakatika katikati ya mstari na kuurudia vipande vipande. Mimi nilimaliza ubeti wa mistari 16 kwa mkupuo, wakashangaa. Naitaja habari hii kwa adabu, kwa kuwa Kurani si wimbo na sijawahi kuichukulia hivyo. Lakini mapafu ni yale yale.

Na masikio ni yale yale. Hapa naomba unisamehe nikae kidogo, maana ni kitu ninachokipenda kuliko vyote. Kiswahili karibu kila neno linaishia na irabu, kwa hiyo kutafuta maneno yanayofanana mwishoni ni rahisi mno. Chochote kinachoishia na "a" mtu anaweza kudai ni kina. Washairi wa pwani hawakukubali urahisi huo. Kwao kina ni silabi nzima, konsonanti na irabu yake, na shairi la kawaida linadai kina cha kati na cha mwisho, mizani nane kwa nane. Juu ya hayo, mkazo wa Kiswahili unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na hapo ndipo ngoma inapopiga. Kwa hiyo ukioanisha "penda" na "moja", jicho linaona "a" mbili, sikio halipati kitu. Ukioanisha "safari" na "habari", mkazo na mwisho vinalingana, na kichwa cha msikilizaji kinatikisika chenyewe. Aliyekulia kwenye nyumba ya mashairi analijua hili bila kufundishwa studio. Rapa Fid Q wa Mwanza aliipa albamu yake jina la Vina Mwanzo, Kati na Mwisho, na huyo huyo anajiita Ngosha, mwanaume kwa Kisukuma. Malenga na Usukuma, vyote ndani ya mtu mmoja.

Dandora, Nairobi, malezi yalifanya kazi nyingine kabisa, na nitaipita haraka maana si kwetu na wenyewe wanaijua vizuri zaidi. Mtaa ule ulianzishwa miaka ya 1970 kwa watu wa kipato cha chini, na jaa kubwa la taka la jiji likawekwa hapo hapo. Watoto walitoka nyumba za Wakikuyu, Wajaluo, Wakamba, Waluhya, kila nyumba na lugha yake, wakakutana nje na kujitengenezea Sheng. Kundi la rap la Kalamashaka walipotoka huko mwishoni mwa miaka ya 1990 na "Tafsiri Hii", jina lenyewe lilikuwa la mtoto aliyekulia kati ya lugha: mtu aliyezoea kutafsiri tangu akiwa na miaka minne sasa anakuachia wewe kazi hiyo. Ninapowasikiliza nasikia ua tofauti na wa kwetu, mapana zaidi, makelele zaidi, hakuna mafumbo ya kanga. Wanasema moja kwa moja. Ukikulia mahali ambapo hata lugha mnaitengeneza upya, nani ana muda wa kuzunguka?

Nilimrudia Nas, rapa wa New York, nikiwa mtu mzima, Kiingereza changu kimekomaa. Utotoni nilikuwa nausikia mdundo tu. Albamu yake Illmatic ilitoka Aprili 1994, naye akiwa na miaka 20. Kwenye jalada kuna uso wa mtoto, yeye mwenyewe akiwa na miaka kama saba, umewekwa juu ya majengo ya Queensbridge, makazi ya umma huko Queens yaliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, majengo 96. Mitaa inaonekana kupitia mashavu ya yule mtoto. Nimewahi kulitazama jalada hilo muda mrefu sana.

Watu humtaja kama shahidi wa mtaa, na ni kweli. Rafiki yake wa karibu aliuawa kwa risasi mwaka 1992. Shule aliiacha baada ya darasa la nane. Lakini baba yake, Olu Dara, ni mwanamuziki wa jazi kutoka Mississippi, mpiga koneti, aina ya tarumbeta ndogo, na koneti hiyo inasikika mwishoni mwa wimbo mmoja wa albamu ile ile. Mtoto alikua akimsikia mtu mzima akipiga sauti inayochelewa kidogo nyuma ya mdundo, kisha inaukamata. Msikilize Nas anavyovusha sentensi ukingo wa mstari mmoja hadi katikati ya unaofuata, haharakishi, anaangukia pale pale. Mimi nasikia nyumba yenye koneti.

Ila kilichonikalisha chini kilikuwa "One Love". Nilikuwa nimeuimba miaka bila kujua ni nini. Ni barua. Anawaandikia rafiki zake walioko gerezani, anawapa habari za nyumbani: mtoto wako anafanana nawe, fulani amefanya hivi, mama yako analia. Ubeti wa mwisho anaziacha barua, anakaa benchi na kitoto cha miaka 12 ambacho tayari kinauza madawa, na anaongea nacho kama kaka.

Nilisimamisha muziki. Nilikuwa chumba cha kupanga Sinza, Dar es Salaam, usiku, feni inazunguka. Nikajiona mkekani na daftari magotini. Mimi niliwahi kuziandika hizi, nikawaza. Miaka minane niliandika barua kwa niaba ya mtu mwingine, kwenda kwa mtu asiyeweza kurudi, na nilijua kuliko rapa yeyote ninayemfahamu nini kinaandikwa na nini kinaachwa. Sisi hatujambo. Bati halitajwi. Mama mdogo alipofiwa na mtoto, bibi aliniambia niandike kwamba mama mdogo anakusalimu sana, basi. Nilipoisoma barua kwa sauti kabla ya kuifunga, bibi alilia pale pale kwenye salamu, mahali ambapo hapakuwa na neno lolote la msiba.

Nas alikuwa anamweleza mfungwa kila kitu. Bibi alikuwa hamwelezi mzamiaji chochote. Ni malezi mawili, na yote mawili ni upendo kwa mtu aliye mbali. Nilikaa usiku ule nikaanza kuandika wimbo kwa namna ya bibi. Kila ubeti unaanza na ama baada ya salamu, kila ubeti unadai hatujambo, na kati ya mistari nikaruhusu kitu kimoja kivuje: sauti ya tone kwenye sufuria. Prodyuza aliirekodi sauti yenyewe, maji na sufuria ya kweli, akaifanya sehemu ya ngoma. Kufikia ubeti wa tatu matone yanakuwa mengi, msemaji anapandisha sauti ili asikike, na bado anasema hatujambo.

Wimbo haukupigwa sana redioni. Bibi hakuusikia, alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Lakini binamu yangu mmoja aliutuma kwenye kundi la familia, na huko kuna namba ya Afrika Kusini.

Mjomba alinipigia siku ya tatu. Yuko Durban bado, ana wake na watoto huko, Kiswahili chake kimeingia Kizulu kidogo lakini lafudhi ni ya barabara ya 14. Tulisalimiana kirefu, kama ilivyo desturi. Akanyamaza. Nikamsikia anavuta pumzi.

"Mwanangu, lile bati lilikuwa linavuja chumba kipi?"

"Chako, mjomba."